Mbwa Wetu Baraka, Mtoto wa Jirani Baraka

Khala shikamoo,

Mimi nakusoma siku nyingi lakini sijawahi kuandika, leo naandika sababu nimechoka na hapa nyumbani hakuna wa kuniskiza, mume wangu nikianza tu anasema "hiyo ya mbwa bado hamjamaliza?" alafu anaongeza sauti ya tivi.

Tunaishi Kiembeni. Nyumba yetu na ya jirani zimeshikana kwa ukuta mmoja na huo ukuta si mrefu, nikiwa nafua naona kamba yao ya nguo na wao wanaona sufuria zangu, yaani hakuna siri. Mbwa wetu tulimpata 2020, ule wakati wa korona mahoteli yamefungwa na Mombasa yetu imefungwa hakuna kutoka hakuna kuingia. Mume wangu alikuwa anapika kwa hoteli, akaambiwa aende nyumbani ataitwa. Akakaa. Siku moja katoka sokoni Kongowea na kikapu, ndani kuna viazi na juu ya viazi kuna kijibwa kimelala. Khala nilimgombeza siku hiyo mpaka majirani wa wakati huo walitoka nje, nikamwambia sisi wenyewe tunakula mara moja kwa siku na wewe unaniletea mdomo mwingine. Lakini wiki haikuisha akapigiwa simu, kuna watu wanajenga wanataka mtu wa kuwapikia, kazi ya miezi minne, pesa kila Jumamosi. Tukasema huyu amekuja na baraka zake. Basi ndio likawa jina. Wala hatukukaa chini tukachagua. Watoto walikuwa wanataka Simba lakini barabara yetu ilikuwa na akina Simba watatu tayari, ukiita mmoja unaletewa kikao.

Mwaka huu mwezi wa kwanza wakahamia majirani wapya. Watu wazuri, sisemi uongo, wiki ya kwanza tu yule mama akaniletea viazi karai na chatini ya ukwaju, na mimi sikurudisha sahani tupu nikaweka mabuyu. Kifungua mimba wao ana miaka sita anaitwa Baraka. Nilipoambiwa nilicheka, walai sikuwa na nia mbaya, nikamwambia "eh, hata mbwa wetu ni Baraka!" Yeye hakucheka.

Mwanzo ilikuwa vichekesho. Jioni nikitoa chakula naita "Baraka!" alafu ng'ambo ya ukuta naskia kitoto kinaitika "Naam!" na mbwa huku anakuja mbio. Wanangu wanavunjika mbavu. Watoto wa mtaa wakaskia wakaanza na wao, yule mtoto akitoka chuoni, yaani madrasa, jioni na kanzu yake wanamfuata nyuma wanabweka, "Baraka hau hau, Baraka hau hau". Saa hii nimeskia hata mamake akimwita haitiki, anakuja tu kimya au haji kabisa.

Basi akaja. Hakuja na matusi, alisimama hapo kwa geti hata ndani hakuingia, akaniambia, "Mimi hapa naitwa Mama Baraka. Wewe ukisimama ukaita Baraka njoo ule, mimi nakuwa mama wa nani?" Nikamwambia dadangu, mbwa huyu ako na jina hili kabla nyinyi hamjakuja, na ni kweli, hata kadi yake ya chanjo imeandikwa hivo. Akaniangalia akaenda zake. Kesho yake kwa kamba kukaanikwa leso, jina limegeukia kwetu: HASIDI HANA SABABU. Imekaa hapo siku tatu Khala, leso gani haikauki siku tatu na jua hili la Mombasa?

Na mimi pia ni binadamu. Nikapanda matatu mpaka Mtaa wa Biashara nikatafuta nikatafuta, nikapata DUA LA KUKU HALIMPATI MWEWE. Bado sijaivaa, iko kwa kabati. Lakini maneno yameshazunguka, mama wa duka ameniambia watu wanasema nimempa mbwa jina la mtoto makusudi, ati ni fumbo. Sasa nitamfumbiaje mtu ambaye nilikuwa hata simjui? Alafu Jumapili iliyopita mbwa alitoroka nikawa namtafuta, nilimwita labda mara sita saba, sauti labda ilikuwa juu kidogo, nikasema "Baraka mchafu wewe toka jaani!" na si uongo, alikuwa jaani. Nikaskia mlango wa jirani umefungwa kwa nguvu.

Swali langu, nibadilishe jina? Mume wangu hataki, anasema mbwa ni wake na hakuna mtu wa kuja juzi na lori la kuhama akampangia. Na je mbwa mzima wa umri huu akiitwa jina jipya ataitika kweli au tutamchanganya kichwa? Kijana wangu mkubwa anataka aitwe Saka, yule wa mpira, babake hataki hata kuskia sababu yeye ni wa Man U. Mdogo anataka Biskuti. Mamamkwe amesema mwiteni Mbwa, mnataka nini zaidi.

Nisaidie Khala, usingizi umenihama.

Mama Mbwa (ndio naitwa saa hii), Kiembeni

Khala anajibu:

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia, hapo pa leso kutokauka siku tatu. Mara ya pili nikafika pale pa mtoto haitiki mamake, nikaiweka barua chini. Nyinyi wakubwa mna leso zenu mtapigana nazo mpaka zitoboke, lakini huyo mtoto wa miaka sita, jina ndio kitu cha kwanza alichomiliki duniani, kabla hata ya viatu, na sasa akilisikia yuwaangalia chini. Kwa hivo jibu nakupa mapema usingoje: badilisha jina la mbwa. Wiki hii. Yaliyobaki ni kukueleza vipi, na kukugombeza kidogo.

Tuanze na kugombeza. Waniambia mbwa alitangulia na kadi ya chanjo ni ushahidi. Sawa, ingekuwa ni kesi ya shamba ungeshinda. Shamba walifungia geti likakaa kimya. Jina lakutoka mdomoni likaruka ukuta, na likifika upande wa pili halisemi nani alianza. Na la mbwa ndio zaidi, maana nyumba nzima hakuna anayeitwa kwa sauti kubwa kama mbwa. Mtoto utamwita chumbani, paka hata humwiti, yuwaja akitaka mwenyewe akiskia harufu ya samaki. Mbwa unasimama nje saa moja jioni, watu wamerudi kazini, wengine watoka msikitini, na wewe wapiga kelele. Mimi kila anayeniuliza nimwite nani mbwa wangu namwambia toka, simama getini, liite hilo jina mara tano kwa nguvu zako zote na ujiskize. Ukiona haya, tafuta jingine.

Alafu hiyo ya Jumapili. Mara sita saba. Sauti "labda" juu "kidogo". Mwanangu, mimi nimezaliwa Kibokoni, nyumba zimebanana hata kikohozi wajua ni cha nani, na sauti ya juu kidogo naijua vizuri sana, nimeitumia. Mbwa aliyeko jaani na utumbo wa samaki mdomoni hana haja ya kuambiwa ni mchafu. Maneno yale hukumwambia mbwa. Na wewe wajua, ndio maana umeniandikia.

Sasa huyu mwenzio. Yeye hakuja kukuuliza habari ya mbwa, alikuuliza habari yake. Hapa kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi linabaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mamake. Kwengine kote ni Mama Fulani, dukani Mama Baraka, chuoni Mama Baraka, arusini kadi inaandikwa Mama Baraka. Ulipomwita mbwa Baraka mwaka ule wa korona hukumkosea mtu. Alipohamia hapo, kila ukiita, lile jina lake la heshima ndilo linalotembea jaani. Mama wa nani? Ni swali la haki kabisa na wewe ukamjibu kwa tarehe.

Na hilo la fumbo usimshangae sana mama wa duka. Fikiria leso yenyewe, yale maandishi twayaitaje? Jina. Twasema "leso hii jina lake nini", na mtu aacha rangi nzuri akachukua rangi mbaya kwa ajili ya jina, wewe mwenyewe ulitoka Kiembeni na nauli yako mpaka mjini kutafuta jina, sidhani uliangalia pindo. Mtu wa pwani akiona jina limetundikwa nje anauliza limetundikiwa nani. Si sisi peke yetu. Kaskazini mwa Benin, Wabaatonu wana mila hasa ya kumpa mbwa jina la methali, pengine nusu ya methali, kwa ajili ya kumfikishia jirani ujumbe. Unamwita mbwa wako, aliyekusudiwa anaskia, na hawezi kukasirika mbele za watu maana akikasirika amekubali ni yeye. Umeona? Kuna watu mbwa kwao ni leso yenye miguu. Wewe hukukusudia, nakubali, lakini mtaa haukai moyoni mwako, wakaa nje na waskia tu kinachoitwa.

Kuna jambo jingine hukuliandika, sijui ni adabu au hukuliona. Huyo mtoto atoka chuoni na kanzu. Sisi wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, chombo akilamba chaoshwa mara saba na moja yake ni kwa mchanga. Kwa hivo mtoto akibwekewa njiani na kanzu yake, kwake haichukuliwi kama wewe ukiambiwa "simba wewe". Lakini pia nisije nikaeleweka vibaya na wale wenye kunipigia simu kila nikigusa dini: mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na wanazuoni wengi wamemuingiza humo wa kulinda nyumba. Na katika Suratul Kahf wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao, ametajwa, amenyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini. Jina lake halimo kwenye aya, lakini wafasiri wamelipokea, wanamwita Kitmiri. Mbwa kuwa na jina si tusi. Mbwa kuwa na jina la mwanangu, mimi nikiwa naskia, hapo ndipo shida.

Wazee walilijua hili, tena bila kuandikiwa barua. Marehemu babangu alikuwa akifanya kazi ya bustani Nyali, nyumba za Wazungu, na mbwa wa kule walikuwa akina Jimmy, Tommy, Rex. Watu wetu walipoanza kufuga wakabeba majina hayo hayo, na mpaka leo nenda Changamwe, nenda Taita, nenda bara yote, mbwa ni Jimmy, Tommy, Bobi. Kuna wasomi watakwambia hiyo ni kasumba ya ukoloni. Huenda. Lakini mimi naona ilikuwa akili pia, jina la mtu ambaye hayuko mtaani, mamake yuko mbali ng'ambo hawezi kuja kusimama getini kwako. Wengine wakakimbilia wanyama, Simba, Chui, Taiga. Huyo Taiga ndio hunichekesha, porini Afrika nzima hayuko, ni mnyama wa Asia, lakini kila esteti ya Kenya ina Taiga mmoja mwembamba amelala chini ya gari bovu.

Haya, ataitika? Hapa nimemuuliza mtoto wa dadangu ambaye ni daktari wa mifugo, amesoma Kabete. Alicheka akasema khala, mbwa hajui kama yeye ni Baraka. Yaani yeye hana habari na maana, hajui kama ni neno zuri au baya, anajua tu kwamba sauti hiyo ikitoka kuna kitu kinamhusu, chakula au kiatu. Ile maana ni yetu sisi. Wale mbwa wanaookotwa barabarani wakapelekwa kwa watu wapya hubadilishwa majina kila siku na hawaendi mahakamani. Hata yule Laika wa Warusi, aliyerushwa angani tarehe 3 Novemba 1957, waliyemuokota njiani Moscow, kwanza walimwita Kudryavka kwa sababu ya manyoya yake ya mawimbi, alafu akawa Laika, ndio kama kusema Mbwekaji. Maskini hakurudi, lakini kosa si la jina. Na kuna mmoja Marekani alikuwa akiitwa Chaser, mwenyewe alikuwa profesa mstaafu, akamfundisha kwa miaka mitatu majina ya vitu vya kuchezea 1,022, anaambiwa leta fulani anakwenda analeta hicho hicho. Wako nataka ajue moja tu.

Njia yake ni hii. Nunua dagaa au maini kidogo, ukatekate vipande vidogo kama kucha ya kidole kidogo. Ingia ndani na mbwa, au pale nyuma ya nyumba penye utulivu, useme jina jipya mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, ya furaha. Akikuangalia, kipande. Ngoja aangalie pengine, sema tena, kipande. Mara kumi basi, muache. Jioni tena. Siku za mwanzo kama amekaa tu kama gogo, sema jipya alafu la zamani papo hapo ukimfuatishia, lakini hiyo fanyeni ndani, mlango umefungwa, kwa kunong'ona, sitaki kuskia jirani amelipata tena. Baada ya siku chache la zamani liacheni. Kijana wangu huyo daktari asema wiki moja mbili, mbwa aliyezoea kuitwa na kulishwa na watu wale wale hachelewi. Kinachochelewesha ni watu, huyu asema hivi, yule asema vile, baba mtu kwa ubishi aita la zamani, hapo hata binadamu angechanganyikiwa. Na lile jina jipya msimgombezee nalo, msimwite alafu mkampiga, ataanza kulikimbia.

Tena hakuna haja ya kupasua koo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani walionyesha mbwa anatambua jina lake hata watu wakiongea kelele zenye nguvu sawa na ile sauti inayomwita. Kwa hivo zile mara sita saba... lakini hiyo nishasema.

Jina gani sasa? Biskuti nimelipenda, namuelewa mdogo wako, lakini ni refu kwa kuita na kila mtoto apitaye atadhani kunagawanywa. Wagiriki walikuwa na mzee wao Xenophon, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema mbwa wa kuwinda wapewe majina mafupi ili waitwe kwa urahisi, akataja zaidi ya 40. Silabi mbili, hapo pamenyooka. Pia lisifanane na yale maneno mnayomwamuru. Ukiwa na mbwa anaitwa Lulu kila ukimwambia lala atadhani waita, ukimwita Kaka hatajua kama waita au wamwambia kaa. Hilo la mamamkwe, Mbwa, kwa heshima zake zote tuliweke kando, ukiita hivo barabarani utaskia "unaniita mimi?" na utaanza kesi ya pili.

Mimi nachukua la kijana wako mkubwa. Saka. Fupi, lina s na k ambazo kijana wangu asema zakata kelele vizuri, na lamalizikia pale pale lilipomalizikia la zamani, Baraka, Saka, sikio la mbwa halitaona ugeni mkubwa. Lakini raha yake iko kwengine. Saka ni Kiswahili safi, kusaka, kutafuta mawindo mpaka uyapate, ndio kazi ya mbwa tangu dunia. Kijana atakuwa na mchezaji wake, na baba wa Man U mwambie hiyo si Arsenal hiyo ni kitenzi. Jambo moja tu, Saka na shika zakaribiana, kama mmezoea kumwambia "shika" akiona mwizi anzeni kusema "kamata".

Kuhusu baba. Ubishi wake naujua, aona akibadilisha ameshindwa na mtu aliyekuja juzi na lori. Usimwambie habari ya jirani kabisa, atakaza. Muulize, wewe jina lako hapa mtaani nani analijua? Atakuwa Baba Fulani, kama wewe ulivyokuwa Mama Fulani kabla hujawa Mama Mbwa. Siku mliyojifungua mtoto wa kwanza mlibadilishwa majina nyote wawili, watu wazima, bila kuulizwa, na mkaitika siku hiyo hiyo wala hakuna aliyewapa dagaa. Alafu ile baraka aliyoileta kwenye kikapu haiondoki kwa kubadili jina, ile kazi ya miezi minne alishaipika na pesa mlishazila. Akikataa bado, mwambie aende yeye mwenyewe asimame getini siku moja mtoto yule akitoka chuoni. Asiseme kitu. Aangalie tu.

Mkienda kwa chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu beba kadi umwambie daktari aandike jina jipya, maana ile kadi ndio uliyoitolea ushahidi, isije ikakaa kabatini ikikungoja siku ya hasira.

Kwa jirani nenda wewe, peke yako, baada ya alasiri watu wametulia. Ile sahani ya viazi karai ulirudisha, safari hii anza wewe, peleka mahamri au chochote ulicho na mkono nacho. Usianze na "mimi sikuwa na nia mbaya lakini", hiyo lakini itakula mahamri yote. Mwambie Mama Baraka, mbwa tumembadilisha jina anaitwa Saka. Muite kwa jina lake hilo, Mama Baraka, kwa sauti, hata mara mbili tatu, alihitaji. Na mtoto akiwepo muulize yeye kama Saka ni jina zuri au baya, mpe nafasi aseme. Pengine atakwambia baya, watoto hawana adabu ya kusema uongo, basi vumilia. Wanao pia waambie, wao ndio walioanza kucheka, watoto wa mtaa watanyamaza wakiona nyumba yenye mbwa imenyamaza.

Ile HASIDI HANA SABABU akiianika tena, wewe fua nguo zako.

Na hiyo ya kwako, DUA LA KUKU, usiivae hata ndani ya nyumba. Kama doti bado nzima hujaikata wala kuipinda, niletee mimi. Nina jirani hapa wa ghorofa ya juu yuwanimwagia maji ya kufulia kwenye dirisha langu mwezi wa pili huu.